Ajali na Kinga Yake

Mtu akifa barabarani, jamaa na majirani hukusanyika, mikeka hutandikwa, na kabla jua halijachwa utamsikia mmoja wao akisema, "Ajali haina kinga." Neno hili ni la kale, nalo lina faraja ndani yake, maana huwazuia wafiwa wasishitakiane siku ya kilio. Mzee akilisema msibani, si adabu kijana kumkatalia. Lakini sisi sasa hatupo msibani, tupo darasani. Na darasani yatupasa kuuliza: Je, ni kweli? Je, ajali ya barabarani yaja kama tetemeko la nchi, lisiloweza kuzuiwa na mtu yeyote? Au iko kinga, ila watu hawaitumii? Tutazame jambo hili kwa utaratibu, kisha kila msomaji ajijibu mwenyewe.

BARABARA ZA NACHINGWEA NA RUANGWA

Nachingwea na Ruangwa ni wilaya mbili jirani katika Mkoa wa Lindi, kusini mwa Tanzania. Watu wake wengi ni wakulima wa korosho, ufuta, mbaazi na muhogo. Zamani safari zao zilikuwa za miguu, na mwenye baisikeli alihesabiwa kuwa mtu mwenye mali. Baada ya mwaka 1947 Waingereza walileta matrekta mengi Nachingwea kwa ajili ya mpango mkubwa wa kulima karanga, na reli ikajengwa kutoka Mtwara ili kuyachukua mazao hata bandarini. Mpango ule ulishindwa, ukaachwa mwaka 1951. Katika miaka ya 1960 reli nayo ilifungwa. Tangu hapo watu na mizigo, korosho na saruji, wagonjwa na wanafunzi, wote hupita barabarani.

Kwa miaka mingi barabara hizo zilikuwa za udongo. Dereva, apende asipende, alikwenda polepole, kwa kuwa mashimo, mchanga na matope ndiyo yaliyokuwa askari wake. Katika miaka hii ya 2020 imefanyika kazi kubwa ya kuijenga kwa lami barabara itokayo Nanganga kwenda Ruangwa, yapata kilomita 53. Lami ni neema. Mgonjwa hufika hospitali upesi, mazao hufika sokoni kabla hayajaharibika, na bei ya vitu hupungua. Lakini lami huondoa mashimo, na yakiondoka mashimo huondoka pia kile kilichomzuia dereva asiende mbio. Vijiji havikuhama. Watoto wale wale huvuka kwenda shule, akina mama wale wale huvuka kwenda kisimani, na mbuzi wale wale huvuka kutafuta majani. Kilichobadilika ni mwendo tu.

Tena imekuja pikipiki ya abiria, iitwayo bodaboda. Jina hili lilianza Busia, mpakani mwa Kenya na Uganda, katika miaka ya 1960, ambako watu wa baisikeli waliwachukua abiria kutoka mpaka huu hata mpaka ule, yaani kutoka "boda" hata "boda". Leo bodaboda imeenea Afrika ya Mashariki yote. Mkulima akiuza korosho zake mnadani, si ajabu kumwona kijana wake akirudi nyumbani na pikipiki mpya. Chombo hiki kimewapa vijana wengi kazi ya halali, na kimewafikisha wagonjwa wengi zahanati. Lakini kinaweza kununuliwa kwa siku moja, na kazi ya kukiendesha vema haijifunzwi kwa siku moja.

HESABU YA WALIOKUFA

Yasemekana kwamba katika mwaka 1896, huko London, mwanamke aitwaye Bridget Driscoll alipogongwa na motokaa akafa, mwamuzi aliyechunguza kifo chake alitumaini kwamba jambo kama hilo lisitokee tena. Tumaini lake halikutimia. Shirika la Afya Duniani lilikadiri kwamba katika mwaka 2021 watu 1,190,000 walikufa barabarani ulimwenguni, yaani zaidi ya 3,200 kila siku. Hakuna jambo liuwalo watoto na vijana wa miaka 5 hata 29 kuliko ajali za barabarani.

Sasa sikilizeni ajabu. Shirika hilo hilo laeleza kwamba tangu mwaka 2010 hata 2021 hesabu ya vifo vya barabarani ulimwenguni ilipungua kidogo, kwa 5 katika kila 100. Lakini katika nchi za Afrika zilizohesabiwa nalo, vifo viliongezeka kwa 17 katika kila 100. Nchi hizo zina magari machache sana, yapata 3 tu katika kila magari 100 ya dunia. Lakini katika kila watu 100 wafao barabarani, karibu 20 ni wa kwao. Basi wingi wa magari sio peke yake uletao vifo. Nchi zenye magari mengi zaidi kuliko yetu zimejua kupunguza vifo, na lijulikanalo na wengine sisi nasi twaweza kujifunza.

Katika Tanzania, Rais Samia Suluhu Hassan alipolihutubia taifa mwishoni mwa mwaka 2024 alitaja ajali 1,735 na vifo 1,715 katika mwaka ule mmoja. Gawanyeni kwa siku za mwaka, mtaona kwamba ni karibu watu 5 kila siku. Shirika la Afya Duniani lakadiri kwamba hesabu ya kweli ni kubwa kuliko hiyo, maana si wote wafao siku za baadaye, hospitalini au nyumbani, waingiao katika hesabu ya ajali.

Ajali haichagui mkubwa wala mdogo. Tarehe 12 Aprili 1984 Edward Sokoine, Waziri Mkuu wa Tanzania, alikufa kwa ajali ya gari huko Dakawa, katika Mkoa wa Morogoro, alipokuwa akitoka Dodoma kwenda Dar es Salaam. Taifa zima lililia. Tarehe 6 Mei 2017, huko Karatu, basi dogo lilitumbukia korongoni, wakafa wanafunzi 32, walimu wao 2 na dereva. Wanafunzi wale walikuwa wa darasa la saba, nao walikuwa njiani kwenda kufanya mtihani wa majaribio. Walikuwa wenzenu.

GARI HALISIMAMI PAPO HAPO

Watu wengi hudhani kwamba dereva akikanyaga breki gari husimama hapo hapo. Sivyo. Kusimama kwa gari kuna sehemu mbili. Sehemu ya kwanza ni ya dereva: macho yaone hatari, akili ifahamu, mguu uondoke uende kwenye breki. Kwa dereva mzima, asiyelewa wala kusinzia, kazi hiyo yachukua yapata sekunde moja. Katika sekunde hiyo gari laendelea kwenda kama lilivyokuwa, kana kwamba hakuna lililotokea. Sehemu ya pili ni ya breki na matairi, yanapoanza kuishinda nguvu ya mwendo.

Tufanye hesabu. Gari liendalo kilomita 50 kwa saa hupita mita 14 katika sekunde moja. Kisha, juu ya lami kavu na kwa breki nzuri, huhitaji mita 14 nyingine kabla ya kusimama. Jumla ni mita 28. Gari liendalo kilomita 100 kwa saa hupita mita 28 katika sekunde ile ya kwanza. Je, breki zake nazo zitahitaji mita 28? La, zitahitaji mita 56! Maana kanuni ni hii: mwendo ukizidi mara mbili, safari ya breki huzidi mara nne. Jumla yake ni mita 84. Nendeni katika uwanja wa mpira mkapime. Kiwanja kikiwa na urefu wa mita 100, gari la kwanza litasimama kabla ya kufika katikati. La pili litapita katikati na kukaribia eneo la goli la pili. Hayo ni juu ya lami kavu. Mvua ikinyesha, au matairi yakiwa yamekwisha, au gari likiwa limejaa magunia kupita kiasi, safari huwa ndefu zaidi.

Sasa fikirini habari hii. Mtoto aruka ghafula barabarani, mita 14 mbele ya gari. Gari likiwa katika mwendo wa kilomita 30 kwa saa, dereva atatumia mita 8 kufahamu na mita 5 za breki; atasimama karibu mno na mtoto, moyo ukimpiga, lakini mtoto atakwenda nyumbani akale chakula cha jioni. Gari likiwa katika mwendo wa kilomita 50 kwa saa, litamfikia mtoto wakati ule ule mguu wa dereva unapogusa breki. Litamgonga kwa mwendo wake wote. Dereva ni yule yule, macho ni yale yale, breki ni zile zile, na mtoto ni yule yule. Tofauti ni kilomita 20 kwa saa tu. Je, hapo twaweza kusema kwamba ajali haikuwa na kinga?

Tena mwendo ukizidi, pigo nalo huzidi. Mtu wa miguu agongwaye na gari liendalo kilomita 65 kwa saa yumo katika hatari ya kufa iliyozidi mara nne na nusu kuliko yule agongwaye na gari liendalo kilomita 50. Ndiyo sababu Sheria ya Usalama Barabarani ya mwaka 1973 ya Tanzania iliweka kilomita 50 kwa saa kuwa mwisho wa mwendo mahali penye makazi ya watu. Kibao chenye tarakimu 50 si pambo la barabara. Kimewekwa kwa hesabu.

KOFIA, MKANDA NA KILEVI

Kinga ya pili ni kofia ngumu kwa wapandao pikipiki. Mtu katika gari ana bati, milango na viti vya kumzunguka; mtu juu ya pikipiki hana ila ngozi yake. Akianguka, mfupa wa mguu uliovunjika waweza kuunga, lakini ubongo uliopondeka hauungi. Wataalamu waliochunguza ajali nyingi wameona kwamba kofia ngumu hupunguza majeraha ya kichwa kwa yapata theluthi mbili. Lakini kofia iliyoning'inizwa kwenye usukani hulinda usukani, haimlindi mtu. Yapasa ivaliwe na dereva na abiria pia, na ifungwe kidevuni. Mtindo wa kuwapakia abiria wawili au watatu, uitwao mshikaki, umekatazwa. Maana pikipiki iliyozidiwa haisimami upesi, wala haipindi vema, na abiria wa mwisho hana mahali pa kushika.

Kinga ya tatu ni mkanda wa gari. Mmekwisha kuona baisikeli yenye mzigo ikigonga kisiki: gurudumu husimama, lakini mzigo huruka mbele. Ndivyo ilivyo kwa mwili wa mtu. Gari likisimama kwa kugonga, mwili waendelea na mwendo ule ule mpaka ukutane na kioo au chuma. Mkanda huushika. Mwaka 1959 mhandisi mmoja wa Sweden, Nils Bohlin, aliyefanya kazi katika kiwanda cha magari cha Volvo, alibuni mkanda upitao begani na kiunoni, na kiwanda kikawaachia wengine wote wautumie bila malipo. Kwa watu wa viti vya mbele, mkanda hupunguza hatari ya kufa karibu nusu nzima.

Jambo la nne ni kilevi. Wakati wa mavuno ya korosho mabibo huwa mengi, na kwa mabibo watu hutengeneza uraka. Aliyekunywa hujiona hodari, kumbe ile sekunde moja ya kufahamu hatari imekuwa mbili. Katika mwendo wa kilomita 50 kwa saa, sekunde moja ya kuzidi ni mita 14 za kuzidi. Uchovu nao hufanya kazi ile ile ya kilevi, wala hauna harufu ya kumfichua mtu.

JUHUDI ZILIZOFANYWA

Serikali na watu wengine hawakukaa kimya. Katika miaka ya 1990 mabasi ya safari za mbali yalikatazwa kusafiri usiku, kwa sababu ya ajali na ujambazi. Katazo hilo lilidumu miaka mingi, hata mwaka 2023 Kassim Majaliwa, aliyekuwa Waziri Mkuu na Mbunge wa Ruangwa wakati huo, alipotangaza Bungeni kwamba mabasi yaruhusiwe tena. Kilichowezesha ruhusa hiyo ni kwamba njia za kuyaangalia mabasi zilikuwa zimeongezeka. Mamlaka ya Udhibiti Usafiri Ardhini, iitwayo LATRA, ambayo sheria yake ilitungwa mwaka 2019, huyafuatia mabasi kwa kifaa kinachotoa habari za mwendo wake popote yalipo. Askari wa usalama barabarani nao wana kipima mwendo, ambacho madereva hukiita tochi. Dereva aonaye tochi hupunguza mwendo. Mwenye busara hupunguza hata asipoiona, maana mtoto avukaye barabara hana tochi mkononi.

Huko Dar es Salaam shirika liitwalo Amend lilianza kazi katika shule za msingi ambazo wanafunzi wake waligongwa mara kwa mara. Halikuanza kwa mahubiri. Lilikwenda kutazama watoto hupita wapi, kisha likatengeneza njia za miguu, matuta, vivuko na vibao. Na pengine lango la shule lililofunguka kwenye barabara kubwa lilihamishwa, likafunguliwa upande wa njia tulivu. Tazameni jinsi kinga iwezavyo kuwa rahisi: lango! Mwaka 2019 kazi hiyo ilipewa tuzo ya kimataifa. Jambo kama hili laweza kufanywa hata Nachingwea na Ruangwa, kama wazazi, walimu na wakuu wa barabara wakikaa pamoja na kuuliza, "Watoto wetu hupita wapi?"

KINGA ILIYO MIKONONI MWENU

Ninyi hamwendeshi magari bado, lakini hamkosi kazi. Katika nchi yetu magari hupita upande wa kushoto. Kwa hiyo mtu wa miguu, pasipo na njia ya miguu, na apite upande wa kulia, ili ayaone magari yanayokuja mbele yake. Aliyepita kushoto hufikiwa kwa nyuma. Kabla ya kuvuka, simama, tazama kulia, kisha kushoto, kisha kulia tena. Kwa nini kulia mara mbili? Kwa sababu gari litakalokufikia kwanza latoka upande huo. Usivuke nyuma ya basi lililosimama wala kwenye kona, maana usilomwona nalo halikuoni. Lori likipita na kuacha vumbi kubwa, ngoja vumbi litulie. Ndani yake mna pikipiki iwezayo kuwa inakuja. Wakati wa giza vaa nguo nyeupe, au shika taa. Usichezee mpira kando ya lami, na mdogo wako mshike mkono, maana mpira ukitoka yeye hufuata mpira, hatazami gari.

Tena mna ulimi. Ukipanda bodaboda na mwendo ukazidi, sema kwa adabu, "Mjomba, tafadhali punguza mwendo, nataka kufika nyumbani." Hakuna mtu mwema atakayekasirika kwa neno hilo. Akikasirika, omba kushuka. Afadhali kuchelewa kuliko kulilia wazazi machozi.

Sasa turudi msibani tulikoanza. Wazee waliosema kwamba ajali haina kinga walijua kwamba mwanadamu hawezi kuyazuia yote, na hapo walisema kweli. Mti waweza kuanguka, tairi jipya laweza kupasuka. Lakini mwendo uko chini ya mguu wa dereva; kofia iko mkononi mwa mpanda pikipiki; mkanda uko begani; lango la shule liko katika shauri la wazazi. Haya yote ni kinga, na yote hutakiwa kabla ya ajali. Likiisha kutokea la kutokea, hubaki mkeka na maneno ya faraja tu.

MASWALI

1. Kwa nini barabara nzuri yaweza kuleta ajali nyingi kuliko barabara mbovu? Barabara mbovu ni dawa? Eleza.
2. Gari liendalo kilomita 80 kwa saa hupita mita 22 kwa sekunde, nazo breki zake huhitaji mita 36. Litasimama baada ya mita ngapi? Pima urefu huo uwanjani.
3. Chora ramani ya njia uipitayo kuja shuleni. Tia alama mahali penye hatari, na ueleze kinga ipasayo kila mahali.
4. Uliza nyumbani maana ya neno "Ajali haina kinga," kisha andika lini neno hilo ni kweli na lini si kweli.